Wifi Anadhani Simsikii

Mpendwa Mama Mkubwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kupiga pasi katika kiwanda cha kushona mashati, na ninayetaka kukueleza habari zake ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye anashona vifungo kiwanda hichohicho, na tangu ndoa yake ivunjike anaishi kwetu, analala chumba kimoja na watoto wangu, tunaamka pamoja, tunapanda basi la kiwanda pamoja, na tunakaa kiti kimoja, yeye dirishani mimi pembeni, maana kwenye basi letu kila mtu ana kiti chake na ukikalia cha mwenzio utasemwa mpaka jioni.

Sasa Mama Mkubwa, wifi yangu huyu alikuja na mdomo. Si mtu mbaya, ila njia nzima alikuwa ananihesabia makosa ya jana, mara chai ilikuwa nyepesi, mara mdogo wake amekonda, mara mtoto amevaa soksi zisizofanana, na mimi nashuka kwenye basi kichwa kinaniuma kabla hata sijawasha pasi. Nikamlalamikia mume wangu, naye kwa kuwa hataki kuingia kati ya dada na mke, akaninunulia kile kidude cha kusikilizia nyimbo, kidogo kama kiberiti, chenye hedifoni za kuchomeka masikioni. Nakwambia ukweli, nilipata raha. Nikishaketi tu nachomeka, nafungulia sauti mpaka mwisho, nafumba macho, na wifi hana wa kumsemesha. Alichobaki nacho ni kunigusa bega na kuniambia nipunguze, kwamba hicho kidude changu kinavuma kama nyuki na yeye hawezi hata kusinzia.

Basi siku moja nikakifua. Nilikisahau kwenye mfuko wa aproni, nikaitumbukiza aproni kwenye beseni la sabuni, na nilipokumbuka kilikuwa kimekwisha kufa. Sikumwambia mtu, hata mume wangu, maana nilijua nikisema tu, maneno ya asubuhi yatarudi, kwa hiyo nikawa nachomeka hedifoni vilevile, nafumba macho vilevile, na hata kichwa nakitikisa kidogo kana kwamba wimbo umenoga, na wimbo wenyewe haupo.

Haikupita muda, wifi akaanza kusema. Si kunigombeza, ni sauti ya chini, uso umeelekea dirishani, kama mtu anayesali peke yake. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo, kwamba analikumbuka jiko lake, kwamba yule aliyekuwa mumewe hakumpiga wala hakumtukana, aliacha tu kumwangalia. Mimi nimefumba macho, nasikiliza. Najua si vizuri, lakini ningefanyaje, nichomoe na kumwambia nimekusikia? Kisha siku moja akasema, “Huyu mtoto wa watu amenivumilia, na mimi sijui kumshukuru ila kwa kumkosoa.” Mama Mkubwa, machozi yalinitoka bila sauti, hivyohivyo macho yamefumbwa. Nikahisi leso inawekwa mapajani mwangu. Nikajifuta, nikasingizia kwamba wimbo ule unanikumbusha marehemu mama yangu, naye akasema pole, akageukia dirisha.

Lakini siku hizi habari imebadilika. Alisema ana uvimbe kwenye titi la kushoto, ulianza kama punje ya dengu na sasa anausikia hata akifunga sidiria. Alisema mama yao alianza hivyohivyo, na yeye ndiye aliyemuuguza mpaka akamzika, kwa hiyo hana haja ya kuambiwa na daktari kitu alichokwisha kukiona kwa macho yake. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linaninyima amani: “Nimekwenda kwa watu na sanduku la nguo. Siwezi kuwapelekea na ugonjwa.” Hao watu ni sisi.

Nimejaribu kuzunguka. Nilimwambia kwamba hospitali wanapima akina mama, twende sote, akaniambia mwenye nafasi aende. Nilimgusia mume wangu kwamba dada yake amepungua, akasema dada yake tangu utoto ni mwembamba. Kiwandani hakusemeki, mashine zinapiga kelele mpaka watu tunaongea kwa mikono, na nyumbani watoto hawambanduki. Na juzi nimemwona anahamishia mkoba bega la kulia, mkoba ambao siku zote ni wa kushoto.

Nikimwambia mume wangu, ataniuliza nimejuaje. Nikimwambia wifi mwenyewe, atajua kwamba nimesikia yote, ya ndoa yake na ya moyo wake, kwamba nilikaa ubavuni mwake nikijifanya kiziwi, na namjua alivyo na haya, atafungasha sanduku lake na kuondoka, na akiondoka ataondoka na huo uvimbe. Nikinyamaza je? Nifanyeje, Mama Mkubwa, niendelee kujifanya sisikii mpaka lini?

Ni mimi, Mpiga Pasi

Mama Mkubwa anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefika mwisho wa barua na sikucheka, isipokuwa pale ulipotikisa kichwa kwa wimbo usiokuwepo. Hapo utanisamehe.

Nianze na kukugombeza ili tulimalize. Kuziba masikio ili usigombane na wifi si dhambi, wake wengi wangekuazima hicho kidude. Kumsikiliza mtu anayedhani husikii, hilo ni kosa, na unalijua. Lakini kosa hilo ni dogo, na unalipamba liwe kubwa ili usilitazame lile lingine. Tangu wifi yako ataje uvimbe, wewe unapima aibu yako. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Unaogopa wifi asije akanuna, na huku ana kitu titini ambacho hakisubiri mmalizane.

Sasa nisikilize, maana umeniandikia jambo kubwa na hukuliona. Umesema kidude kilipokuwa kizima wifi alikuwa akikugusa bega upunguze, kinavuma kama nyuki. Tangu ulipokifua, amekugusa bega tena? Hujaandika. Nami nadhani hujaandika kwa sababu hakukugusa. Mwanamke aliyekuwa hawezi kusinzia kwa nyuki wako, kiti kimoja na wewe kila siku, nyuki wakanyamaza ghafla, asijue? Huyo anayeona soksi za mtoto hazifanani?

Na ile leso. Ulilia bila kutoa sauti, naye uso wake uko dirishani. Mtu asiyejua unasikia angejuaje kwamba wakati ule ndio wa kukuwekea leso?

Mwanangu, nadhani wifi yako anajua. Haya yake unayoisema ni ya kweli, hawezi kukutazama usoni akakwambia nakushukuru, wala akakwambia naogopa. Nyumbani watoto, kazini mashine. Akaona kuna sikio moja limejifanya limezibwa, akaliona ndilo linalomfaa. Wewe ulidhani unamwibia maneno, kumbe mwenzako alikuwa anakupa. Na huo uvimbe hakuutaja kwa dirisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho panda basi, kaa kiti chako, na hizo hedifoni zikunje mbele yake, uzitie mkobani. Usimhutubie, usimtajie mambo ya mumewe hata moja, hayo mwachie. Mwambie maneno machache tu: “Wifi, twende hospitali, mimi na wewe.” Akinyamaza, nawe nyamaza, ila usichomeke kitu masikioni. Mkifika kiwandani mwende wote wawili kwa msimamizi mkaombe ruhusa, na siku ya kwenda uingie naye mpaka kwa daktari kama atakubali. Amweleze daktari habari ya mama yao, asiifiche, kwa sababu daktari anaihitaji. Uvimbe mwingi wa titi huwa si ule anaouogopa, lakini hilo si la kuamuliwa na yeye, wala na wewe, wala na mimi niliyeko huku na kalamu. Na ukiwa ndio wenyewe, kuuwahi ni tofauti kabisa na kuuchelewa. Mama yake aliugua wakati wake, naye ana wakati wake.

Mumeo ataambiwa na dada yake mwenyewe, siku atakayotaka. Ila akikataa katakata kwenda, mwambie wazi kwamba utamweleza mume wako, kisha umweleze kweli. Anune. Akifungasha sanduku, kaa juu ya hilo sanduku. Neno lake la “nimekwenda kwa watu” lilikuuma, basi mwonyeshe kwamba hakuja kwa watu, alikuja kwao.

Akikuuliza umejuaje, usimsingizie wimbo tena. Mwambie nilikusikia, na nisamehe. Mimi nadhani atakujibu kwamba alikuwa anajua. Asipojibu hivyo, basi Mama Mkubwa amekosea, na nyinyi wawili bado mtakuwa njiani kwenda hospitali.