Jina Ulilomwomba Papa

Mwaka umetimia, Joyeuse, tangu uingie maternité kujifungua, kwa miguu yako mwenyewe, nasi dada zako turudi nyumbani Katoyi tumembeba mtoto bila wewe.

Papa, baba yetu Muzee Habiyaremye, bado anaisikia sauti yako pale mlangoni pa maternité: "Papa, mutoto wangu usimupe jina ya mateso. Mutafutie jina yenye kucheka." Ulikuwa unamtania, lakini si utani mtupu. Ulizaliwa njiani, watu wakikimbia milima ya Masisi, naye akakuita Nyirantambara, maana yake mama wa vita. Shuleni watoto waliigiza milio ya risasi kila ulipopita. Ulipobatizwa ukajichagulia Joyeuse, mwenye furaha, na hilo ndilo lililokukaa.

Sokoni Kituku wanakukosa. Hukuwahi kumpimia sambaza, vile visamaki vya ziwani, mama mwenye kichanga kabla hujamwuliza jina la mtoto. Ukisikia jina la msiba, unaanza kumbembeleza: "Mama, umubadilishie, nitakuongezea samaki." Na wengine walibadilisha kweli! Ézéchiel, mume wako, alikuwa anasema utatufilisi kwa majina ya watoto wa watu.

Wako ndiye asiye na jina. Ézéchiel alimwachia Papa, kwa kuwa ndiye uliyemwomba. Tulipika maharage, tukawaita watoto wa jirani waje kula na kupendekeza majina, kama ilivyo desturi yetu. Wote wakapiga kelele: "Joyeuse! Joyeuse!" Papa akaweka sahani chini.

"Hiyo iko na mwenyewe," akasema, akatoka nje.

Tangu siku hiyo anajaribu. Anampakata mtoto, anafungua mdomo, na yanayomjia ni majina ya machozi matupu. Anayameza. Tukimwambia, "Muzee, chagua tu lolote," anatutazama kama mtu aliyepotea njia nyumbani kwake. Hatujui tumsaidie vipi. Mtoto tunamwita Bébé, yaani kichanga tu. Ameanza kusimama, na akiitwa hivyo anageuka, anacheka, na hapo Papa huondoka chumbani.

Wanaokukumbuka ni mume wako Ézéchiel. Papa yako Habiyaremye. Mama yako Mukagasana, anayelala na kitenge chako. Sisi dada zako, Clotilde na Umwiza. Na binti yako, ambaye jina lake tulitaka kuliandika hapa.

Tumeshindwa, Joyeuse. Hutatutoka moyoni kamwe.