Moteri ya Marehemu Kaka

Dzaleka, Jumanne

Basi, yule fundi Mkongomani wa Kawale, kule Lilongwe, njo alinikatia shauri. Aliifungua moteri ya mashine yetu ya kupasulia mbao, akanionyesha ufa mrefu ubavuni.

"Naweza kuuchomelea," alisema, "lakini mi singesimama karibu nayo."

Angeweza kunyamaza apate kazi. Zikomo, asante kwake. Nilikuwa nimeenda Lilongwe nikiwa tayari kuitengeneza tena, kwa mara ya nne, juu moteri ile niliinunua na marehemu kaka yangu mwaka tuliofika hapa kambini kutoka Bukavu.

Niliporudi nilimwambia Nestori, Mrundi ninayepasua naye mbao, kwamba tutatafuta nyingine. Aliketi chini palepale kwenye maranda.

"Nashukuru, ndugu yangu. Tangu siku ile iliporusha ubao ukanipita sikioni, naomba Mungu kila asubuhi kabla ya kuiwasha."

"Mbona hukusema?"

"Ni ya kaka yako. Ningesemaje?"

Hilo linaniuma. Kila asubuhi nilimuona ameinamisha kichwa mbele ya moteri, nikadhani anakagua mafuta.

Alhamisi tunaenda Chilinde, hukohuko Lilongwe, kutafuta mpya. Yeye njo atachagua.