Mjomba Salehe Amekula, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Niko stendi Korogwe, nangoja basi la kurudi chuoni. Nimechoka hoi. Hii shahada ya uuguzi wa afya ya akili uliyonihimiza niisome inanimaliza: asubuhi wodini, mchana darasani, jioni kichwa kinagoma. Sasa nina sapu, narudia mtihani wa somo la dawa, maana wiki ya mitihani ndiyo tuliyokuzika.

Lakini ninachotaka kukueleza ni habari za mdogo wako, mjomba Salehe.

Ulipoondoka aligoma kula. Akasema chakula kina sumu, kama zamani kabla hajaanza sindano zake za kila mwezi. Siku ya kliniki ikampita. Alikuwa hapandi basi bila mkono wako. Akawa anatembea barabarani pale Mkata, katikati ya malori, anakuita. Wajomba wakubwa wakakaa kikao, wakanunua kamba. Mdogo wangu Zaina akanipigia simu analia: "Dada, njoo. Wanataka kumfunga ghalani."

Nikaja. Si watu wabaya, Mama. Nao wamechoka. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, gari likimgonga tutasema nini?" Nikawaomba tu wanipe mpaka kesho.

Nikasonga ugali wa muhogo, nikapika mlenda, nikakaa naye nyuma ya jiko. Tonge la kwanza nikala mwenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya, nikasema maneno yako: "Kula, baba, hiki ni chetu." Akanitazama weee. Nikala la pili. La tatu akamega yeye.

Alipokwisha kunawa akaniuliza, "Mwanaidi, dada amekufa?"

Siku ya mazishi walimpeleka kwa jirani, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia. Walihofia atazidi. Nikasema, "Ndiyo, mjomba. Amekufa. Tumemzika."

Akalia. Akalia kama mtu yeyote aliyefiwa na dada yake. Nami nikalia, Mama... nilikuwa bado sijalia.

Leo asubuhi tumekuja naye Korogwe, mimi na Zaina, kila mmoja amemshika mkono. Amechomwa sindano. Muuguzi alipouliza nani atamleta mwezi ujao, Zaina akasema, "Mimi," kabla sijafungua mdomo. Wamesharudi Mkata. Mjomba kachagua kiti cha dirishani.

Basi langu linaingia. Pumzika, Mama, umebeba vya kutosha. Mimi nakwenda kurudia mtihani wangu, na nikimaliza nitaomba kazi Handeni, niwe karibu naye. Siwezi kukuahidi kwamba sitachoka. Nakuahidi kwamba nikichoka nitakaa chini, nitapumua, kisha nitanyanyuka nimwendee.

Mwanao,
Mwanaidi