Suti ya Mwalimu Rahabu

Jumanne, 14 Januari 1969

Leo nimemrushia mtu pasi. Pasi ya mkaa, ina moto ndani! Haikumpata. Iligonga mlango, makaa yakamwagika kizingitini, nikayakanyaga kwa viatu vyangu vya ngozi ninavyovipenda. Vimeungua soli.

Mtu mwenyewe ni Bonifasi, mkubwa wa vijana wa ukaguzi wa mavazi hapa mjini. Aliingia dukani na wenzake wawili. Shikamoo Sista, akasema, kwa adabu kabisa — kisha akatoa gauni la mteja kwenye hanga, akalichana kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Eti linabana. Gauni halijavaliwa na mtu, limembana nani?

Wote bado wananiita Sista. Miaka ishirini na tatu ya wodi ya wazazi haifutiki kwa miezi minane ya cherehani. Hata huyu Bonifasi nilimpokea mimi, alitanguliza miguu, nikamvuta kwa mikono hii hii mama yake akiwa amekwisha kukata tamaa. Leo nilijuta.

Jumamosi, 18 Januari 1969

Stendi ya mabasi vijana wa Bonifasi wamemkamata karani mmoja kijana. Wanateremsha chupa ya soda ndani ya mguu wa suruali. Ikipita, uko huru. Ikikwama, wembe. Yake ilikwama. Wakakata suruali na nyama humo humo.

Kaletwa kwangu akichechemea. Sista nishonee. Nikamuuliza, suruali au paja? Nimeshona vyote viwili. Paja kwanza.

Nina miaka arobaini na sita. Niliacha uuguzi kwa sababu nilichoka na damu. Nilitaka kuamka na kushika kitambaa safi, nichague rangi, mtu aingie amechoka atoke amenyooka. Nilipoaga, daktari alisema nimepata wazimu wa umri. Labda! Lakini hii miezi minane nimelala usingizi. Na sasa damu imenifuata hadi mezani.

Jumapili, 26 Januari 1969

Baada ya ibada kaja Rahabu. Nimefurahi mno! Tumekua pamoja Misigiri, nyumba zetu zilitenganishwa na shamba la uwele. Yeye akaenda ualimu, mimi uuguzi. Miaka kumi na tano amekuwa mwalimu mkuu, na sasa anaacha chaki. Ameteuliwa Afisa Maendeleo. Atatambulishwa mbele ya watu wote tarehe tano Februari, sherehe za Azimio la Arusha.

Anataka suti. Akasema kwa aibu, Sista, nifiche tumbo. Nikamfokea. Tumbo lililobeba watoto sita unalificha umeliiba wapi? Nguo ya mwanamke wa umri wetu haifichi, inanyanyua. Mabega yakae sawasawa, kola isimame, kiuno kiguswe tu kisikabwe. Mwanamke aliyeendesha shule miaka kumi na tano avae kama aliyeiendesha.

Rangi ya kijani kibichi. Kola nyeupe. Sketi nyembamba, iliyonyooka, kama wanavyovaa maofisini Dar es Salaam. Vijana wanadai magoti yafunikwe. Nikashusha pindo vidole vitatu chini ya goti. Nani atasema neno?

Jumatatu, 3 Februari 1969

Rahabu kaja kujaribu. Akasimama mbele ya kioo, akainamisha uso. Nikadhani hajaipenda. Kumbe analia! Akasema, sikujua kama mimi niko hivi.

Ningekufa leo ningekufa nimeshiba.

Lakini hatukuachwa tufurahi. Jiwe lilipita dirishani, likapiga kioo, vioo vikaturukia. Kipande kimoja kikaingia mkononi mwangu chini ya kiwiko. Nikakitoa kwa koleo mwenyewe. Nje wanacheka. Nikatoka na rula ya chuma, nikamkuta mmoja amechelewa kukimbia, nikampiga nayo shingoni hadi akapiga yowe. Rahabu akanivuta ndani. Martina, utakuja kuua mtu wewe! Nikamjibu, atakuwa amejitakia.

Jumatano, 5 Februari 1969

Saa tisa mchana. Mlango nimeutia komeo.

Nianze mwanzo. Rahabu aliitwa jina, akapanda jukwaani. Alivyotembea! Hata wanaume waligeuza shingo. Mimi nilisimama karibu na ngazi, pini kwenye ukosi, mkasi mfukoni, kama kuna uzi wa kukatwa. Nilivimba kichwa.

Kisha akashuka kuwasalimia wazee wa safu ya mbele. Wa kwanza alikuwa Mzee Laurian, mjomba wake, kaka wa mama yake, ametoka Misigiri juu ya lori kwa ajili ya siku hii. Na Rahabu akafanya kile alichofanya tangu ana miaka mitatu. Akapiga magoti. Shikamoo mjomba.

Sketi ikapanda. Mshono wa pembeni ukaachia — nikausikia! Mapaja nje, mbele ya mjomba na uwanja mzima.

Nilimpima amesimama! Mimi, mtoto wa Misigiri, niliyezaliwa napiga magoti kwa kila mwenye mvi, nimempima mwanamke kama sanamu ya dirishani. Akili yangu ilikuwa Dar es Salaam. Ni mimi niliyemvua nguo.

Wakaja vijana wa ukaguzi. Bakora ya kwanza ilimpata begani, ya pili kichwani, nikasikia mfupa. Akalala kifudifudi. Mzee Laurian akainua mkongojo kumkinga, wakamsukuma, akaanguka pamoja na kiti chake. Bonifasi akamkanyaga Rahabu mgongoni kwa buti, akashika ile kola nyeupe, akawa anavuta, kichwa cha Rahabu kinanyanyuka na kupigwa chini, kinanyanyuka na kupigwa chini. Watu wanatazama. Wengine wanacheka!

Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Sikusukumwa. Sikuteleza. Nilichagua mahali. Ninajua mshipa mkubwa wa paja unapita wapi, hata nikifumba macho. Nikauzamisha mkasi wote pajani mwa Bonifasi hadi kwenye vidole vyangu, nikauzungusha.

Damu iliruka hadi kwenye miwani. Hakunitazama, alitazama paja lake, akashangaa. Mkasi ukaanguka kando ya Rahabu; katika vurugu ile mkono wangu haukuonwa na mtu. Na hapo hapo — mikono hii! — nikamlalia, nikauminya mshipa kwa kidole gumba, nikafoka, leteni kitambaa, leteni gari! Kama niko wodini. Sikufikiri. Nimemshika hivyo nyuma ya Landrova hadi hospitali.

Gari linaondoka, nikamwona Rahabu amekaa chini, damu ya kichwa imemfunika jicho moja. Mkasi wangu uko mkononi mwake. Anautazama tu. Polisi wawili wakamwinua.

Alhamisi, 6 Februari 1969

Tangu asubuhi watu mlangoni. Mmoja kaleta kuku, mwingine mayai. Sista ameokoa mtu! Sista ana moyo, kijana aliyemchania nguo ndiye huyo huyo amemzuia asife! Mama yake Bonifasi ameshika mikono yangu, akaipaka machozi.

Saa sita kaja Inspekta Leonidas. Mtu mpole, anavua kofia mlangoni. Akauliza mkasi ni wa nani.

Wangu, nikasema. Nilimpa Mwalimu Rahabu tarehe tatu akate uzi wa kifungo.

Uongo ulitoka wenyewe. Sikuuandaa. Ulitoka laini, mzima, na tarehe yake. Akaandika, akashukuru, akavaa kofia. Nikakaa juu ya gunia la vitambaa.

Ijumaa, 7 Februari 1969

Nimempelekea Rahabu uji kituoni. Wakaniruhusu kwa sababu ya bandeji — nimfunge kidonda. Kichwa kimevimba upande wa kulia, ameshonwa ovyo ovyo. Nimeufungua mshono nikaushona upya. Hakulia. Bado amevaa ile suti, imekauka damu, kola haipo.

Hakumbuki! Anakumbuka jina lake kuitwa, anakumbuka uso wa mjomba. Halafu polisi. Katikati hakuna kitu.

Akanishika mkono. Sista, wewe ulikuwa karibu. Nilimchoma mimi?

Nilikuwa na sindano mkononi. Nikasema, pumzika, usijichoshe.

Akasema, mkasi nilikuwa nao. Na nilimchukia, Martina, hata sasa namchukia. Basi ni mimi.

Nikakata uzi. Nikamfunga. Nikasema kesho nitaleta uji wa ulezi.

Mimi ni mbwa.

Jumamosi, 8 Februari 1969

Sikupeleka uji.

Wateja saa baada ya saa. Wake wa maofisa, manesi wenzangu wa zamani, Luciana wa posta. Wote wanataka suti ile ile. Luciana akasema, ile ya Mwalimu Rahabu ilikuwa nzuri jamani, ila chini iwe pana. Nimewakatia sketi zenye marinda nyuma. Nimewapima wote wamepiga magoti sakafuni, mmoja mmoja, mimi nimesimama juu yao na futi shingoni. Suti tisa! Miezi minane nilikuwa naomba siku kama hii.

Nesi mmoja akaniambia huku ninampima kifua: mguu wa Bonifasi umekuwa mweusi. Wamekata juu ya goti. Unanuka bado.

Nikamchoma na pini. Akaruka. Nikasema samahani.

Jumapili, 9 Februari 1969

Bonifasi amekufa alfajiri. Imetangazwa kanisani. Mchungaji akaongeza kwamba yupo kati yetu mama mmoja aliyepigania uhai wa kijana huyu kwa mikono yake, na watu wote wakageuka kunitazama. Nilitazama kitabu cha nyimbo.

Nje mama yake alinirukia shingoni. Akapiga kelele, yule mwalimu anyongwe! Nataka nimwone akining'inia, Sista, niambie watamnyonga! Aliniuma bega, kabisa, kwa meno, wala hajui kama ameniuma. Nikamshika hadi akachoka. Nilimshika mwanamke huyu hivyo hivyo siku anamzaa.

Nikasema, Mungu yupo. Ndilo neno nililopata.

Sasa si kesi ya kujeruhi tena. Ni kuua. Rahabu ana watoto sita.

Nimejaribu hoja zote. Kwamba Bonifasi angemuua Rahabu pale chini, kwa hiyo nilimwokoa. Kweli. Kwamba mahakama itamhurumia, amepigwa kichwani. Huenda. Kwamba nina suti tisa za watu. Hii nimeiandika niione ilivyo. Nimeiona.

Kesho nakwenda.

Jumatatu, 10 Februari 1969

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Saa mbili na nusu asubuhi. Nimekuja na daftari nisije nikageuza maneno njiani. Nikishindwa kusema nitampa Inspekta asome. Nimevaa suti yangu ya bluu, niliyojishonea siku niliyoacha kazi. Kama ni picha za magazetini basi wanipate nimenyooka. Ujinga huo! Lakini ndivyo nilivyo.

Mzee Laurian yuko hapa tangu jana. Mkono wake umefungwa kwa kanga. Nimepiga magoti nikamwamkia. Akaniitikia, akasema, asante mwanangu kwa kumsitiri Rahabu. Sijui anamaanisha uji au nini. Sikuuliza.

Inspekta Leonidas ametoka. Amefurahi kuniona. Akasema, Sista, umechelewa kidogo tu, yule mwenzako amemaliza. Amekiri mwenyewe, bila kulazimishwa, ametia sahihi sasa hivi. Mwandiko mzuri sana, wa mwalimu. Kilichobaki ni kumpeleka mahakamani saa nne. Nyumbani sasa ukapumzike, hatutakusumbua tena.

Hatutakusumbua tena. Na kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani — nakiandika kabla sijakipa jina lingine — kilikuwa furaha. Nilipumua! Mpaka tumboni. Sijapumua hivyo tangu Jumatano.

Mzee Laurian alisikia yote. Ameanza kulia bila sauti, mdomo wazi.

Inspekta bado amesimama. Anauliza, lakini wewe Sista, ulikuja kwa shida gani? Nimemwonyesha kidole, asubiri nimalize sentensi. Anasubiri. Anatazama saa. Amenyoosha mkono kunisaidia kuinuka, na daftari bado liko wazi. Ninaliweka mkononi mwake.