Vitamini za Jeki

Njombe, Jumapili

Kaka Elius,

Shikamoo, maana baba alitufundisha adabu. Baridi imeunguza viazi vyote.

Daktari wa mifugo alisema tumbo la mbwa wetu Jeki halinyonyi vitamini, ndiyo maana anaharisha na kukonda, adungwe kila wiki. Wewe ulipokuja mwezi uliopita kutoka Makambako ukacheka, "Mbwa naye wa kudungwa vitamini?" Chupa nzima ukawadunga nguruwe wako, ninaokufugia mimi!

Sasa Jeki hali kitu. Na baba, ambaye tangu mama afariki hagusi ugali mpaka Jeki ale kwanza, leo siku ya tatu anakunywa chai tu.

Chupa nyingine nimeipata, Jeki atadungwa kesho. Baba nimdunge nini?

Mdogo wako,
Ida