Kisiwa cha Mchanga Mweusi

Jumatatu, 4 Agosti

Baba Kidoti kaja leo. Tumeachana siku nyingi, na bado hajajifunza kupiga hodi. Kajimwaga kwenye kochi langu, katoa simu, binti yetu kamkalia mapajani. Picha juu ya picha: kisiwa, mlima katikati unafuka, mchanga mweusi kama masizi, watu wanaoga maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto.

"Likizo hii ya shule," kasema. "Mimi na binti yangu."

Binti yangu. Utadhani alimzaa peke yake.

Nikamuuliza, mlima ukilipuka je? Akasema umelala tangu babu zetu hawajazaliwa. Nikamwambia aliyelala hafuki moshi. Kidoti kaninunia.

Kisiwa hicho hicho ndicho alichoniahidi mimi tulipooana! Mama, ambaye mdomo wake hauna breki, kamsindikiza kwa maneno: huyu mwanaume hajapata kumpeleka mtu popote pasipo kumwacha njiani.

Jumanne, 5 Agosti

Mtoto hasemi nami. Kachora mlima kwa kidole kwenye kioo cha bafuni, na watu wawili kileleni. Mimi simo.

Jioni nikampigia baba yake. Mpeleke. Kashukuru kwa sauti ya mtu ambaye tiketi alishanunua.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui niamini nini.

Nilikuwa nyuma ya duka langu la miwani nasaga lenzi, nikaisikia harufu kabla sijamwona mtu. Manukato — ndivyo ninavyomwita yule aliyeolewa baada yangu. Kakaa kwenye kiti cha wateja anajaribu fremu, kama kaja kununua.

"Dada, nisikilize kidogo tu."

"Mimi si dada yako."

Kasema mume wake kapata kazi huko kisiwani, kusimamia hoteli. Si likizo. Yeye kaambiwa atafuata baadaye.

"Tiketi ya Kidoti ni ya kwenda tu. Nimeiona kwa macho yangu."

"Na yako?"

"Sina."

Macho mekundu nyuma ya fremu. Siku ile alipomchukua mume wangu alikuwa anacheka, nakumbuka mpaka meno. Leo kaja kunililia mimi? Ama anasema kweli, ama kaachwa na anataka safari yote iungue. Sikumpa hata glasi ya maji. Nikamwambia fremu hiyo haimpendezi.

Akaondoka. Harufu ikabaki. Nikavunja lenzi ya mteja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Mama. Nilitegemea atamtukana Manukato, maana hampendi hata kidogo. Badala yake kasema: mwanamke hajidhalilishi hivyo mbele ya mke wa zamani wa mumewe kwa jambo la kubuni. Nikasema kwa wivu watu hufanya zaidi. Hatukuelewana. Tumekula kila mtu na sahani yake.

Baba Kidoti kapiga simu. Kesho anafuata pasipoti ya mtoto. Na cheti cha kuzaliwa. Na — hili kalitia mwishoni, haraka haraka — ripoti ya shule.

"Ripoti ya nini?"

"Hoteli wanataka."

Hoteli gani inayotaka kujua mtoto kapata ngapi kwenye hesabu?

Jumamosi, 9 Agosti

Nimejifungia jikoni. Naandika kwa sababu nikiacha, mikono hii itafanya jambo jingine.

Kaja na shati jipya. Kamletea Kidoti miwani ya kuogelea, plastiki hafifu, itamkwaruza pua. Mtoto kaivaa pale pale. Nikasema kwa upole, kabla sijatoa pasipoti nionyeshe tiketi ya kurudi.

"Ziko kwa wakala."

"Ni kweli umepata kazi huko?"

Tabasamu likamkauka.

"Nani kakwambia?"

Hakusema si kweli. Aliuliza nani. Kisha akajijibu mwenyewe, polepole: "Huyo mwanamke nitamkomesha leo." Neno hilo nalijua, na kinacholifuata. Mimi niliishi nalo.

Halafu akamgeukia mtoto. "Kidoti, wewe ni mkubwa sasa. Sema mwenyewe, unataka kukaa na nani?"

Mama akavuta kiti chake mpaka mlangoni, akakaa, akasema miguu inamuuma na hasogei. Nami nikasema naenda kuchukua pasipoti.

Ipo kifuani mwangu tangu asubuhi.

Nimempigia Manukato. Namba yake ninayo tangu nilipoikuta kwenye simu ya mume wangu, wakati ule, na sijawahi kuipiga ila kichwani. Nikamwambia atoke nyumbani sasa hivi, kabla mumewe hajarudi.

"Niende wapi?"

Bado simpendi. Sidhani kama nitampenda.

"Njoo huku. Pitia mlango wa nyuma."

Sasa nasikia geti la nyuma. Na sebuleni anamuuliza tena, safari hii kwa ukali, na Kidoti bado hajajibu. Naweka kalamu, nakwenda kufungua.