Sakafu Yangu Ina Joto, Mama Mkwe Ameninunia

Mpendwa Bibi Marigo, naomba unisaidie, maana nyumbani kwangu joto lipo tele ila amani hakuna. Naishi hapa mjini Ioannina, Ugiriki, na mume wangu Stathis, na kila mwaka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba baridi inapoanza, mama yake, Mama Poliksenia, hushuka kutoka kijijini milimani kwa basi la asubuhi na mazulia ya sufu aliyoyafuma mwenyewe alipokuwa mwari, ameshayafua mtoni wakati wa kiangazi na kuyakunja na lavenda yasiliwe na nondo, basi akifika tu hata kahawa hanywi, anatuhamishisha vitanda, ananusa makabati yangu kama yana nondo, anasema maganda ya vitunguu mwaka huu ni mazito kwa hiyo baridi itauma, na jioni nyumba imetandikwa yote na mimi mgongo sina. Ananichosha, lakini nampenda, naomba uliamini hilo.

Sasa mwaka huu tumeweka mabomba ya maji moto chini ya sakafu, na fundi akatuonya kuwa mazulia mazito yatazuia joto, kwa hiyo mama alipopiga simu kusema mazulia yako tayari, nikamwambia, "Mama, mwaka huu usijisumbue. Hatuyahitaji tena." Akasema, "Haya mwanangu, Mungu awape majira mema ya baridi," akakata simu. Tangu siku hiyo nikimpigia ananijibu neno moja moja. Sikukuu imepita. Jirani yake Lambrini amemwambia Stathis kwamba mazulia yako ukumbini kwa mama yamefungwa vilevile, sakafu tupu, dohani haijafagiliwa, na akiulizwa anasema mtu mmoja hana haja ya makuu. Stathis ananiambia nimemfukuza mama yake, mimi namwambia mama yake amenuna kama mtoto. Je, niyatandike niharibu sakafu mpya, au ningoje hasira zimwishe?

Fotini, Ioannina

Fotini binti yangu,

Pole kwa mgongo. Fundi wako yuko sahihi, mabomba yako hayana kosa, na kumwonea huruma mwanamke mzee asibebe mizigo si dhambi. Lakini ulimi hauna mfupa, na wako uliteleza vibaya. Ulizungumzia mazulia, yeye akasikia kuwa ni yeye asiyehitajika.

Barua yako imenitisha mahali ambapo wewe umepapita mbio. Mimi ni mtu wa milima hiyohiyo, nawajua wanawake wa kule. Akinuna, mwanamke wetu hutandika nyumba nzima mpaka zizini, hupika trahana, ule uji wetu wa ngano na maziwa, sufuria kubwa, kisha hukaa dirishani akikusema kwa kila apitaye. Huyo ni mzima, mwache apoe. Lakini Mtakatifu Dimitri akipita na sakafu iko tupu na dohani ina masizi, hapo hakuna kununa. Mama Poliksenia ameacha kujiandaa kwa baridi, binti yangu, na theluji ya kule haimsubiri mtu. Hasira ingekuwa afadhali.

Na huyo Stathis aache kunguruma sebuleni. Ana gari, ana mikono, na sijasikia dohani iliyofagiliwa kwa malalamiko.

Jumamosi hii mpande kijijini wote wawili. Msinunue keki dukani, nendeni na brashi ya dohani na nguo za kazi. Stathis apande juu ya paa. Wewe fungua yale mazulia, uyatandike kwake, kwa amri zake, na akisema pembe imekaa upande, inua utandike upya bila kuguna. Kuni ziingizwe ndani kabla hamjaondoka. Kisha mwombe zulia moja la kuweka kwenye kochi lako, na umwambie anangojwa mjini wiki ijayo, maana bomba halijawahi kufukuza nondo kabatini. Hilo si uongo, na yeye analijua kuliko wewe.

Ila mkifika usianze na samahani. Ataipokea hapohapo mlangoni, akubusu, akurudishe nayo mjini. Ingia, vua koti, kunja mikono ya blauzi, halafu muulize, "Mama, tunaanzia chumba gani?"

Bibi Marigo